Mvua Ikija, Baba Huenda Mnarani

Baba yangu alikuwa fundi wa simu maisha yake yote, na alipostaafu hakutaka shamba wala duka. Alitaka mnara. Aliujenga nyuma ya nyumba yetu ya Buruburu, kwenye kiwanja kidogo cha aina ambayo majirani karibu wote walikwisha kuijengea vyumba vya kupangisha kwao. Ulikuwa wa mabomba matatu ya chuma yaliyoshikanishwa kwa vyuma vya kukingama, kama ngazi yenye pande tatu, na ulilipita paa letu mbali sana. Juu yake aliweka antena ya redio ya ridhaa, ile ya watu wenye kibali cha kuzungumza hewani kwa kupenda tu, bila biashara yoyote. Jioni alikuwa akiketi katika chumba cha nyuma, anasalimiana na watu wa nchi ambazo hatazifikia kamwe. Mtaani walidhani ananasa televisheni za ng'ambo. Mama mmoja wa kanisani aliniuliza, wala hakuwa anatania, kama Baba ni jasusi.

Kuusimamisha mnara hakukumsumbua. Kilichomchosha ni kazi ya chini yake. Udongo wetu ni ule mweusi, unaonata kama gundi wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi, na Baba aliuchimba mwenyewe. Alipigilia fimbo ndefu za shaba kwa nyundo kuuzunguka mnara, akaziunganisha kwa tepe pana za shaba, kila mguu wa mnara ukawa na njia yake ya kushuka ardhini. Kisha akavuta waya mnene kutoka pale hadi kwenye fimbo ya ardhini ya umeme wa nyumba, vyote vikawa kitu kimoja.

"Radi huizuii," aliniambia siku hiyo, amechuchumaa na tope hadi viwikoni. "Ikitaka kuja itakuja. Wewe unaifungulia njia fupi ya kwenda chini, isije ikapitia jikoni kwa mama yako."

Mama alikuwa hai wakati huo. Alijibu kutoka dirishani kwamba jikoni kwake hakuna kitu cha kuitamanisha radi.

Kwenye mguu wa mnara Baba alifunga kisanduku cha chuma. Ndani yake kebo iliyotoka kwenye antena ilikutana na kebo iliyoingia nyumbani. Mawingu yakianza kukusanyika alitoka, akaifungua ile skrubu ya kebo kwa vidole, akaitenga na nyumba, akaifunga kwenye bamba la shaba lililoungana na zile fimbo za ardhini. Alifanya hivyo mapema, kabla ya tone la kwanza. Alikuwa mkali sana kwa jambo hilo. Ukishasikia ngurumo, alisema, umechelewa. Kaa ndani, kilichobaki ni cha Mungu.

Mama alipofariki nilirudi kuishi na Baba. Ugonjwa wake ulianza baada ya hapo, polepole, hata sijui niuhesabu tangu lini. Alisahau birika kwenye jiko. Aliniita kwa jina la dada yake aliyekufa zamani, nikaitika. Daktari alitueleza kwa upole kwamba kumbukumbu zake zitaendelea kuondoka, na kwamba dawa zipo za kuchelewesha tu. Baba alimsikiliza kwa adabu, kisha tukiwa mlangoni akaniuliza, "Huyo alikuwa anazungumza habari za nani?"

Redio aliiacha jioni moja mbele yangu. Alikuwa na rafiki mmoja, mzee mwenzake anayeishi mtaa wa Baba Dogo, mtu wa redio pia, na kila jioni walikutana hewani. Jioni hiyo rafiki alimwita, Baba akashika kipaza sauti, akabonyeza, akanyamaza. Kila mtu wa redio ana herufi na namba zake anazojitambulisha nazo kabla ya kusema lolote. Baba alikuwa ametamka zake maelfu ya mara. Aliketi pale kidole kikiwa kwenye kitufe, midomo ikisogea. Alipoachilia, sauti ya rafiki yake ikaja, "Nipo, ndugu yangu. Chukua muda wako. Nipo." Baba akazima mashine. Akakunja waya wa kipaza sauti vizuri, akauweka juu ya meza, akaenda kulala. Hakuiwasha tena.

Nilidhani mambo ya redio yameishia hapo.

Mvua za masika zilipoanza, Jumamosi moja alasiri, nilikuwa naanua nguo kwa haraka maana mbingu zilikuwa zimeshaanza kunguruma. Nilipogeuka nilimwona Baba akipita kando yangu, shati limefunguka, anaelekea mnarani. Nikadhani anachungulia tu. Nikaingiza nguo ndani. Niliporudi mvua ilikuwa imeshuka yote kwa pamoja, na Baba alikuwa amesimama kwenye mguu wa mnara, mikono yake ndani ya kisanduku.

"Baba! Ingia ndani!"

"Bado sijamaliza."

Nilimsogelea. Aliifungua ile skrubu, akaitoa kebo, akaifunga kwenye bamba. Alifanya sawasawa kabisa. Kisha akaitazama, wasiwasi ukamwingia usoni, akaifungua tena na kuirudisha ilipokuwa. Akaitazama. Akaitoa. Hakukumbuka kama amekwisha kufanya au hajafanya, kwa hiyo alianza upya, na upya, na mbingu zikapasuka juu yetu kwa mwanga mweupe ulionionyesha hata mvi za kidevuni pake. Nilimshika kiunoni nikamvuta. Alikuwa na nguvu bado. Tuliangukia mlangoni sote wawili, yeye akinisukuma na kunilaumu kwamba nyumba itaungua.

Kwenda alikumbuka. Lile la kukaa ndani ukisikia ngurumo ndilo lililomtoka.

Nilimpigia simu rafiki yake wa Baba Dogo, na Jumamosi iliyofuata alikuja na mfuko wa vifaa. Aliukagua mnara kwa utaratibu. Alikuta vibano viwili vimeliwa na kutu, na tepe moja ya shaba imekatika mahali maji ya bomba la mvua yalipokuwa yakimwagikia. Akaleta fimbo mpya. Tulichimba, tukajaza makaa yaliyopondwa na chumvi kuzizunguka fimbo ili udongo ushike unyevu, tukamwagia maji. Baba alikuwa nasi muda wote, na siku hiyo alikuwa yeye. Alishika spana. Rafiki yake alipokunja waya kwa kona kali, Baba alimgonga bega.

"Usiukunje hivyo. Radi haipendi kona. Upinde kama barabara ya mlimani."

"Kweli, ndugu yangu," rafiki akasema, akaukunjua. Nilimwona akijifuta macho kwa mkono wenye tope, akajipaka usoni.

Tulikula pilau pale pale nje, tumekaa kwenye ndoo zilizopinduliwa. Baba alieleza namna walivyokuwa wakivuta nyaya za simu hadi Kitui zamani, tembo wakiangusha nguzo. Sijui kama ni kweli, lakini alieleza vizuri. Jua lilipoanza kushuka nilimsindikiza rafiki yake hadi getini, nikamwuliza lile nililokuwa nalo moyoni tangu asubuhi.

"Mzee, sasa hata akitoka mvua ikinyesha, akiwa pale yuko salama? Kwa kuwa tumeurekebisha?"

Aliuweka chini mfuko wake wa vifaa.

"Hapana, binti yangu. Nilidhani unajua. Kazi tuliyofanya leo ni ya kulinda nyumba, na wewe uliye ndani, na mashine. Mtu aliyeushika mnara radi inapopiga, hakuna waya utakaomsaidia. Hata akisimama karibu tu, ardhi yenyewe itampiga miguuni."

"Kwa hiyo nifanye nini?"

"Azuiwe kutoka," akasema. Kisha, kama aliyeona aibu kwa jibu lake, akaongeza, "Kama inawezekana."

Kuzuia nilijaribu. Nilitia kufuli mlango wa nyuma. Mvua iliyofuata aliupiga ule mlango kwa ngumi mpaka ngozi za vifundo vya vidole zikachubuka, akalia kama mtu aliyefungiwa kwenye nyumba inayowaka moto. Kwake yeye ilikuwa hivyo. Aliona nyumba inaungua na mtu amemfungia kufuli asiiokoe. Dada aliyekuwa akitusaidia kazi na kumtunza Baba mchana hakuweza kuvumilia, akamfungulia, akanipigia simu akilia.

"Mama, mzee ametoka. Mimi siwezi kumfuata, kunapiga vibaya. Nisamehe, mama, siwezi."

Sikuweza kumlaumu. Kwao magharibi radi iliwahi kuua ng'ombe wa baba yake wote waliojikinga chini ya mti mmoja, naye aliwaona wakiwa wamelala pale asubuhi. Mvua ikianza alifunika vioo vyote vya nyumba kwa leso, akazima televisheni, akaingia chini ya meza.

Mimi nilikuwa kazini. Nafanya kazi ya ukarani katika kiwanda cha rangi kule Baba Dogo, na dirisha letu linatazama kusini, upande wa nyumbani. Nilikuwa nayaona mawingu yakijikusanya juu ya Buruburu kabla dada hajanipigia. Nilijifunza kuyasoma. Yale ya kijivu hafifu hayakuwa na neno. Yale yenye kitako cheusi, yaliyopanda juu kama uyoga, hayo yalinifanya nisimame, nikae, nisimame tena. Meneja wangu aliniruhusu kuondoka mara ya kwanza, na ya pili. Nilipofika nyumbani mvua ilikuwa imekwisha, barabara zimejaa maji ya mitaro, na Baba ameketi sebuleni na taulo mabegani, ananiuliza mbona nimetoka kazini mapema.

Tukajaribu hili: rafiki yake alikiondoa kile kisanduku mnarani na kukihamishia ndani, ukutani kwenye chumba cha redio, ili Baba akitaka kuifungua kebo aifungulie ndani. Ulikuwa ushauri mzuri. Nilimwonyesha Baba, nikaishika mikono yake nikamwekea juu ya kisanduku. "Ni hapa sasa, Baba. Hapa." Akaitikia kwa kichwa, akasema nimefanya vyema.

Mvua iliponyesha hakwenda chumba cha redio. Alikwenda mnarani. Siku hiyo nilikuwepo, nililiona mwenyewe. Alikitafuta kisanduku kwenye mguu wa kwanza, wa pili, wa tatu, akipapasa chuma kuanzia chini hadi juu. Alipokikosa aliukumbatia mnara kwa mikono yote miwili, shavu kwenye bomba, kana kwamba anausikiliza. Ngurumo ilikuwa juu kabisa ya paa. Nilimpigia kelele, nikamvuta, sikuweza kuibandua mikono yake. Mwishowe nikakata tamaa, nikasimama nyuma yake, nikamkumbatia yeye naye ameukumbatia mnara. Nilikuwa namlinda na nini? Sijui. Nilifikiri tu kwamba kama ni kupigwa, nisije nikabaki mlangoni nikitazama.

Radi haikupiga. Ilihamia upande wa Donholm, tukabaki na mvua tupu. Baba akaachilia mnara, akageuka akaniona.

"Umelowa," akasema. "Utapata homa."

Wiki hiyo niliamua ushuke. Rafiki yake alikuja na vijana wawili wenye kamba na mikanda. Mmoja aliutazama kuanzia chini mpaka juu akapiga mluzi. "Aisee, hii ni noma," akasema, lakini waliifanya kazi kwa uangalifu, kipande baada ya kipande. Nilikuwa nimeiogopa siku hiyo kuliko mvua. Nilitarajia Baba atapiga kelele, atamshika mtu shati. Alikaa kwenye kiti mlangoni pa jikoni, anakula ndizi, anawatazama.

"Huu mnara ni wa nani?" akaniuliza.

"Ni wako, Baba."

"Mtu aliyeutia ardhini alikuwa anajua kazi yake," akasema.

Rafiki yake alikuwa karibu, amelisikia. Akainama kana kwamba anaokota bisibisi, ambayo haikuwa imeanguka.

Mabomba yalikwenda Baba Dogo kwenye kibanda cha rafiki huyo. Fimbo za shaba tuliziacha ardhini, hazikung'oka. Kiwanja kikawa kitupu kama vya watu wengine, na fundi mmoja wa mtaa akanisimamisha kunishauri nijenge vyumba.

Nililala vizuri kwa siku kadhaa. Kisha ikanyesha, nami niko kazini, na aliyenipigia simu hakuwa dada wa kazi. Alikuwa jirani yetu wa ukuta wa pili, mama Mwislamu mwenye duka la jumla la vitambaa Eastleigh, mjane, mtu ambaye mpaka siku hiyo tulikuwa tunasalimiana getini tu na kutumiana sahani wakati wa Idi na Krismasi.

"Mwanangu, usishtuke," akasema. "Baba yako yuko kwangu."

"Kwako wapi?"

"Kwenye tangi langu la maji. Ameshika ule mnara wa chuma unaolibeba, hataki kuuachia. Nimemwambia aingie, anasema lazima afungue waya kwanza. Waya gani, mwanangu? Mimi sina waya."

Hata sasa siwezi kueleza vizuri nilichohisi. Nilikuwa nimeuondoa mnara nikidhani nimemwondolea kifo, kumbe Buruburu nzima imejaa minara. Kila ua lina tangi juu ya vyuma. Kuna nguzo za taa, kuna milingoti ya simu. Singeweza kuishusha yote.

"Mama, rudi ndani," nilimwambia. "Tafadhali. Usikae naye pale, ni hatari."

"Nimwache mzee wa watu kwenye mvua?"

"Ndiyo. Nakuomba. Mwache."

Sikuwahi kudhani nitasema maneno hayo kuhusu baba yangu. Nikaisikia mvua kwenye simu yake, nzito, ikipiga mabati. Kisha nikasikia sauti yake ikizungumza na mtu mwingine, si mimi. "Mzee, huo waya nimeufungua mimi asubuhi. Wallahi nimeufungua. Njoo unywe chai." Kisha sauti ya Baba, mbali, ya mashaka: "Na uliufunga kwenye shaba?" "Nimeufunga kwenye shaba, mzee."

Nilipofika Baba alikuwa kwenye kochi la mama yule, amevishwa kanzu ya marehemu mume wake, anakunywa chai ya tangawizi na iliki. Nguo zake zilikuwa zimeanikwa juu ya milango. Mama yule alinikalisha, akanimiminia chai na mimi.

"Leo amekubali," akaniambia. "Kesho sijui."

Alisema kweli. Maneno yale yalifanya kazi mara moja nyingine, halafu yakakoma. Baba alitaka kuuona mwenyewe waya uliofungwa. Msimu ule wote tuliumaliza hivyo: mimi nikiyatazama mawingu kutoka Baba Dogo, dada akiwa chini ya meza, mama yule akisimama mlangoni pake na mwavuli ambao nilimsihi asiufungue. Alikuwa akisoma dua kwa sauti kumwelekea Baba kule nje. Mimi nilikuwa nasali kwa njia yangu. Niliomba jambo moja tu, na nililiomba bila kuficha, hata mbele ya mchungaji: Baba asahau. Kama kila kitu kingine kimemtoka, na hili limtoke.

Mvua za vuli zilichelewa mwaka huo. Katika kiangazi hicho kirefu Baba alidhoofika, akaanza kuhitaji kushikwa mkono kutoka kitandani hadi mezani, ingawa miguu ilikuwa bado inafanya kazi. Rafiki yake alikuja siku nyingi za Jumapili kuketi naye. Baba hakumjua tena, lakini alimpenda, alimkaribisha kila mara kama mgeni wa heshima.

Mvua ya kwanza ilitukuta mezani, Jumapili alasiri. Tulikuwa tunakula, Baba na mimi, mahindi na maharagwe niliyoyachemsha mpaka yakalainika kwa ajili ya meno yake. Chumba kilikuwa kimeingia giza na sikuwa nimeangalia nje. Ngurumo ilipiga bila kubisha hodi. Madirisha yalitetemeka, kijiko kikatembea mezani, na gari la mtu likaanza kulia king'ora kule nje. Mimi nilikuwa mlangoni tayari, mgongo nimeuweka kwenye kitasa, mikono nimeipanua.

Baba alikuwa bado anatafuna. Alichagua haragwe moja kwenye sahani, akalitazama, akalila. Radi ikapiga tena, karibu zaidi. Nilimkazia macho. Nilikiangalia kiganja chake kilichokuwa mezani, nikisubiri kijikunje. Kilikaa kama kilivyo, kimefunguka.

Akainua kichwa akaniona nimesimama pale mlangoni.

"Mbona umesimama?" akaniuliza. "Kaa ule. Chakula kinapoa."